Mwalimu wa Fildi, Njoo Uangalie Printa

Wenzangu wa ualimu, ukipangiwa shule ya mazoezi usidhani utafundisha somo lako tu. Mimi nina miaka 22, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na kompyuta niliyosomeshwa chuoni ni ile kozi moja ya mwaka wa kwanza ambayo sote tunajua inavyopita. Lakini nilipofika shuleni, hata ratiba ya vipindi sijapewa, mkuu wa shule akachungulia ofisi ya walimu: "Wewe kijana wa chuo, hebu njoo uangalie printa." Ukiwa kijana na una simu janja, basi wewe ni fundi. Ndivyo ilivyo, na sioni sababu ya kukataa. Ila kuna namna ya kuifanya kazi hiyo ikabaki na faida, na kuna namna ya kuifanya ukaondoka nayo.

Ofisi ilikuwa na kompyuta moja ya mezani ya katibu muhtasi, laptop ya mwalimu wa taaluma, printa moja, na flashi zisizo na idadi. Ile ya mezani ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020. Mitihani ya kila mwezi, ripoti za wazazi, barua za kwenda wilayani, vyote vinapita hapo. Pakigoma hapo, watoto wanakaa darasani asubuhi wakisubiri karatasi ambayo haijatoka.

Jambo la kwanza nililojifunza halikuwa la mashine. Katibu muhtasi wetu ni mama wa makamo, kaanza kazi enzi za taipureta, na kila tatizo alilileta kwa sentensi ileile: "Mimi sijaigusa, mwanangu." Ukisikia hivyo ujue kabla yako walikuja watu wakamuuliza, "Umefanyaje tena?" Mtu akiulizwa hivyo mara tatu, ya nne anaficha. Na tatizo likifichwa, linakufikia wiki mbili baadaye likiwa limezaa mengine. Kwa hiyo nilibadilisha swali. "Shikamoo mama. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Tangu hapo kuna kitu kimehamishwa, kimeongezwa au kimeondolewa?" Hapo anakuwa shahidi, si mtuhumiwa. Siku moja jibu lilikuwa kwamba meza ilisogezwa wakati wa kudeki. Kebo ilikuwa imelegea nyuma. Kazi ya sekunde kumi, na hakuna aliyeaibika.

Kumbe hata wakubwa yanawakuta. Nilimsimulia kwamba mwaka 2020 huko Uingereza karibu wagonjwa 16,000 wa korona walikosekana kwenye hesabu za taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Alicheka mpaka akafuta macho. "Uingereza?" Tangu siku hiyo akawa ananiita mwenyewe, mapema.

Sasa printa. Mara nyingi printa ikigoma si mbovu, imekwama foleni. Faili moja likishindwa kutoka, yaliyo nyuma yake yote yanasubiri, na kila mwalimu anayepita anabonyeza tena, na tena. Ikizinduka inatoa mtihani uleule mara kumi na nne. Kuzima na kuwasha printa peke yake hakusaidii sana, kwa sababu foleni iko ndani ya kompyuta. Bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, isimamishe. Kisha nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo (folda yenyewe iache), halafu iwashe tena ile Print Spooler. Karatasi ikikwama, ivute taratibu kuelekea upande inakotokea, usiivute kinyume kwa hasira. Na rimu isikae wazi dirishani msimu wa mvua: karatasi ikinyonya unyevu inashikana, zinaingia mbili mbili.

Flashi ndiyo ugonjwa mkubwa. Mwalimu anatoka steshenari na flashi yake, anaichomeka, folda zote zimegeuka vishale vya njia ya mkato. Anashika kichwa, kazi ya muhula mzima imekwenda. Mara nyingi haijaenda popote. Kirusi kimeyaficha mafaili tu na kuweka vishale mahali pake, ukivibonyeza unakiamsha tena. Kwa hiyo usibonyeze, na kompyuta ikikuuliza kama iifomati flashi, kataa. Ipitishe kwanza kwenye programu ya kuua virusi. Halafu fungua lile dirisha jeusi la amri kwa kuandika cmd, na kama flashi ni herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha subiri. Mafaili yanarudi kuonekana, unayahamisha, unafuta vishale. Nimeona mwalimu wa Hisabati mwenye mvi akinishika mkono kama nimemfufulia mtu.

Tovuti zikikataa kufunguka na onyo la usalama wakati intaneti ipo, angalia saa ya kompyuta kabla ya kumlaumu mtu wa mtandao. Kama inaonyesha mwaka uliopita zamani, betri ndogo ya duara ndani ya kompyuta imekwisha. Inaitwa CR2032, hata mafundi saa wanayo.

Haya yote ni madogo. Lililonipa homa ni neno la siri.

Mwalimu wa taaluma aliyekuwepo kabla ndiye aliyetengeneza faili la matokeo, kalipanga vizuri kwelikweli, akaliwekea neno la siri lisifunguliwe na kila mtu. Akahamishiwa mkoa mwingine. Aliyepokea ofisi akapokea funguo za kabati, daftari la mahudhurio na rimu tatu. Neno la siri hakuna aliyelikumbuka. Tukaligundua Alhamisi, kikao cha wazazi wa kidato cha tatu ni Jumamosi. Simu ya yule mwalimu haipatikani.

Fundi wa mjini akaitwa. Mafundi wetu hawa, Mungu awabariki, dawa yao ni moja kwa kila ugonjwa: "Tupige Windows upya." Hapo nilisema hapana mbele ya mkuu wa shule, na sauti ilikuwa inatetemeka kidogo. Neno la siri la faili linakaa ndani ya faili lenyewe. Ukipiga Windows upya faili bado limefungwa, na ukipiga bila kuweka nakala unapoteza hata yale yaliyo wazi. Mkuu akamtazama fundi, akanitazama mimi, akasema tusubiri.

Tukaanza kuingiza alama upya kutoka kwenye karatasi za walimu. Walio wengi walikuwa nazo, lakini za Fizikia zilishatupwa. Ijumaa mchana binti mmoja wa kidato cha tatu alikuja mlangoni akauliza kwa adabu kama alama yake ya Fizikia ipo, kwa sababu baba yake amesema akiona amepanda atamlipia masomo ya jioni. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Usiku, kama saa mbili hivi, ujumbe ukajibiwa. Mwalimu yule alikuwa msibani kijijini kwao, hakuna mtandao. Neno la siri lilikuwa jina la mtaa aliokuwa amepanga, na mwaka. Tulichapa ripoti mpaka saa saba usiku. Alama ya binti ilikuwa imepanda.

Yule mwalimu hakufanya ubaya wowote. Alikuwa hodari, tena ndiye pekee aliyekuwa anajua, na hapo ndipo shule ilipokwama. Nikaona na mimi nakwenda njia ileile: wiki chache nimeshakuwa yule anayeitwa, na tarehe ya kuondoka imeandikwa kwenye barua yangu ya chuo.

Jumatatu tukafanya mambo matatu. Maneno ya siri yote yakaandikwa kwenye karatasi, ikafungwa kwenye bahasha, bahasha ikafungiwa kwenye kabati la mkuu (si kubandikwa kwenye kioo cha kompyuta, jamani, nimeiona hiyo pia). Matokeo yakawekwa nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye flashi isiyotoka ofisini, na nyingine nje ya jengo, kwenye barua pepe ya shule. Na mimi nikanunua kaunta buku.

Nilianza kuandika mwenyewe, mama akaisoma akaguna. "Hii umeiandikia wenzako wa chuo." Akachukua kalamu. Kuanzia hapo nilikuwa nakaa pembeni, yeye ndiye anashika kipanya, akimaliza anaandika kwa maneno yake. Ukurasa wa printa unaanza hivi: "Ikigoma USIBONYEZE TENA. Waambie walimu nao wasibonyeze." Ilichukua muda mrefu kuliko kama ningefanya mwenyewe, na siku mbili tatu nilichelewa kuandaa somo. Msimamizi wangu alipokuja kunikagua alinikuta ofisini nimekaa mikono mapajani, akaniuliza kama nimekosa kazi.

Nina miezi minne tangu nirudi chuo. Juzi mama amenitumia picha ya ukurasa mpya wa kaunta buku kwa WhatsApp: "Skana haisomi. Chomoa waya wa nyuma, hesabu mpaka thelathini, rudisha. Isiposoma badilisha tundu." Hilo mimi sikumfundisha.