Oslo kwa Miguu, Bila Kibali

Wengi wenu mlitusindikiza mpaka kwenye basi siku ile, mkasema, "Mkifika mtuandikie, msitusahau." Nimechelewa, mnisamehe. Leo nawapa habari za siku zetu mbili za kwanza, maana najua kuna familia zinasubiri safari kama sisi tulivyosubiri.

Tulifika Oslo, mji mkuu wa Norway, mwezi wa sita mwaka jana. Tulikuwa watu watano: mimi, mama watoto na watoto watatu. Nilikuwa nimeukumbatia ule mfuko wa IOM wenye makaratasi, siuachii hata chooni. Tulitoka Kigoma mpaka Dar es Salaam, tukapanda ndege usiku, tukashuka, tukapanda nyingine, mpaka sikujua tena leo ni siku gani. Masikio yanavuma, miguu imevimba, mdogo ametapika njia nzima. Tukapelekwa kwenye nyumba ya muda, mtaa unaitwa Grønland, karibu na kituo kikuu cha treni.

Sasa sikilizeni. Wakati wa kiangazi saa ya Norway iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja tu. Kwa hiyo saa haikunisumbua, jua ndilo lilinimaliza. Kwetu saa moja jioni giza linaingia, mwaka mzima ni hivyo. Kule tulikula saa tatu usiku na jua linawaka kama saa kumi jioni. Saa nne na nusu bado liko! Mtoto wa pili akauliza, "Papa, leo hakuna usiku?" Nikafunga pazia, nikalala kidogo. Nikashtuka chumba kimejaa mwanga, nikavaa mbio nikidhani nimechelewa. Kuangalia saa, ni saa kumi alfajiri. Jua limeshatoka.

Usingizi ulikataa kurudi. Nikaona nikibaki ndani nitaamsha watu bure. Nikatia makaratasi yangu yote kwenye mfuko wa koti, nikaandika anwani ya nyumba kwenye kipande cha karatasi, nikatoka kutembea.

Mji ulikuwa kimya. Mbele ya kituo cha treni nikakutana na chui milia mkubwa wa shaba nyeusi, sanamu iliyowekwa mwaka 2000 mji ulipotimiza miaka 1,000. Hapo inaanza barabara ya Karl Johan, inapanda taratibu. Unapita kanisa kuu, unapita Bunge, unapita chuo kikuu cha zamani, na mwisho kabisa juu ya kilima kuna ikulu ya mfalme. Nilisimama mbali nikitafuta ukuta na geti. Hakuna. Bustani ya ikulu iko wazi, watu wanapita na mbwa wao, askari mmoja amesimama na kofia yake yenye manyoya.

Kabla ya kufika huko, kwenye taa za barabarani, gari moja lilisimama karibu yangu. Limeandikwa POLITI. Hilo halihitaji mkalimani. Moyo ulipiga paa! Mkono wangu ulishaingia kwenye koti, ukashika karatasi, na mdomo unatafuta maneno: natoka wapi, naenda wapi, nitarudi saa ngapi. Ninyi mnanielewa. Zaidi ya miaka ishirini nimeishi mahali ambapo ukivuka kilomita 4 bila kibali, umejitafutia matatizo. Taa ikawa ya kijani. Gari likaondoka. Yule askari hata hakunitazama.

Nilibaki pale nimeshika karatasi. Taa za waenda kwa miguu zikabadilika mara mbili mbele yangu sijavuka.

Nikateremka mpaka baharini, kwenye jengo kubwa la matofali lenye minara miwili. Hilo ndilo jengo la halmashauri ya mji, ambapo tangu mwaka 1990 Tuzo ya Amani ya Nobel inatolewa kila tarehe 10 Desemba. Ndugu zangu wa Kivu, hapo ndipo Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliposimama mwaka 2018 kupokea tuzo hiyo pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Siku ile tulisikiliza redioni kambini, watu wamejaa mlangoni. Sasa nimesimama kwenye uwanja wenyewe, peke yangu na ndege wa baharini. Machozi yalinitoka, sifichi.

Tena jambo ambalo mimi sikulijua: mtu wa kwanza kuwekwa na Shirikisho la Mataifa kushughulikia wakimbizi, mwaka 1921, alikuwa Mnorway, Fridtjof Nansen. Mwaka 1922 ikaanzishwa hati ya safari kwa Warusi waliopoteza uraia, ikaitwa pasipoti ya Nansen, na mwaka huohuo naye akapewa tuzo ya amani. UNHCR yenyewe imepewa mara mbili, tuzo ya 1954 na ya 1981. Kwa hiyo karatasi iliyokuwa kwenye koti langu ina babu yake katika nchi hii.

Lakini nisiwadanganye kwamba ni raha tupu. Niliporudi watu walikuwa wameanza kutoka kwenda kazini. Nikawaamkia. Wawili waliitikia kidogo, wengine walipita tu. Kambini huwezi kupiga hatua kumi bila mtu kukuuliza habari za nyumbani. Kule hakuna aliyeniuliza kibali, na hakuna aliyeniuliza kama nimelala vizuri. Nyumbani nako nilimkuta mama watoto amekaa mlangoni na viatu mguuni, analia. Aliamka akakuta kitanda kitupu. "Mimi nilijua wamekukamata," akasema. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto.

Siku ya pili, basi, tukatoka na kijana wangu mkubwa, baada ya kuaga. Oslo ina mto mdogo, Akerselva, unaoteremka kutoka ziwa Maridalsvannet mpaka baharini katikati ya mji, kama kilomita 8. Kando yake kuna njia ya miguu. Zamani maji yake yaliendesha viwanda vya nguo na vya mbao. Majengo bado yapo, na maporomoko ya maji unayasikia kabla hujayaona. Tulipanda polepole, tukakaa kwenye mawe, tukala mkate. Kijana alikuwa anahesabu kwenye simu. Mara akasimama, akasema, "Papa, hapa ni kilomita 4." Tukatazamana. Akaruka mbele kwa miguu miwili, kama mtoto anayecheza, na huyo ana miaka kumi na saba. Nami nikamfuata, kwa hatua ya kawaida, mzee haruki.

Tulifika mpaka ziwani. Maji ya kunywa ya mji, sehemu kubwa, yanatoka hapo, ndiyo maana kuogelea ni marufuku. Nikawaza madumu yetu na foleni ya bombani.

Jioni nilimpigia mama yangu. Wengi mnamjua, anakaa palepale jirani na kisima, faili lake lilitenganishwa na letu na bado anasubiri jibu. Nikamsimulia mto, ziwa, ikulu isiyo na ukuta. Akasikiliza kimya. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Mwanangu, na ni nani alikupatia kibali cha kufika mbali hivyo?"

Nilimjibu, "Hakuna, mama." Akasema, "Basi uwe unarudi mapema." Nikasema ndiyo, mama.

Ninyi mnaosubiri, nawaachia haya machache. Andikeni anwani kwenye karatasi kabla ya kutoka nje, simu huzima. Fungeni madirisha kwa blanketi ili watoto walale. Agizaneni ndani ya nyumba kabla mtu hajatoka. Na mtakaobaki, naomba mumpitie mama yangu, mumwamkie kila asubuhi. Hiyo salamu huku sijaipata dukani.

Ni mimi mwenzenu, baba wa watoto watatu, Oslo.