Tundu la Ndani

Mwaka 1984, nilipoanza kazi ya chumba cha upasuaji Unguja, siku ya ngiri ya mtoto kazi yangu ilikuwa kushika vyuma vya kutanua jeraha na kunyamaza. Daktari alikata kwenye mkunjo wa kinena, akatafuta kifuko. Kwa mtoto mchanga kifuko hicho ni chembamba kama ganda la kitunguu, tena kimeshikamana na mishipa ya damu ya korodani na mrija wa mbegu. Ukikivuta kwa pupa, kimechanika. Akishakitenga, alikifunga shingoni kwa uzi, basi. Mtoto hawekewi wavu kama mtu mzima. Misuli yake haina ila. Ni njia tu iliyotakiwa kujifunga mtoto anapozaliwa, ikasahau.

Kilichotusumbua ni upande wa pili, ambao haujavimba. Madaktari wengine waliukata pia, kwa tahadhari. Mama mmoja aliniuliza, "Sista, mwanangu kavimba kulia, huku kushoto mlitafuta nini?" Nilimjibu maneno mengi. Ukweli, hatukukuta kitu. Wengine hawakuugusa, na baadhi ya watoto walirudi mwaka uliofuata wamevimba upande huo, wakapigwa nusu kaputi nyingine.

Nilikwisha kustaafu mjukuu wangu alipopatwa na ngiri, huko Muscat, akiwa na miezi saba. Binti yangu aliogopa kisu. Mimi niliogopa mageni, maana niliambiwa watamjaza gesi tumboni na kupitisha kamera kitovuni. Baada ya kazi, daktari, Mwomani anayesema Kiswahili cha kwetu, aliposikia nilikuwa nesi akanionyesha picha. "Tazama, mama."

Miaka 27 nimesimama mezani, sikuwahi kuliona tundu la njia ile kwa ndani. Lilikuwa wazi, jeusi, kama shimo la kaa ufukweni. Kando yake mrija wa mbegu umelala chini ya utando, hakuna aliyeugusa. Sindano ilipita kwenye ngozi, ikazungusha uzi ukingoni mwa tundu, ukakazwa. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 2006 na Dariusz Patkowski na wenzake wa Wrocław, Poland. Fundo ni lilelile la zamani, ila linafungwa kwa kuonwa.

Picha ya pili ilikuwa ya kushoto: pamefungwa, laini. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama. Watu husifu udogo wa kovu, lakini hata mkato wetu ulikuwa mdogo, nepi iliuficha. Kubwa ni kuuona upande wa pili bila kuukata. Hata ukionekana wazi, si lazima utoe ngiri, na madaktari bado wanabishana kama ufungwe.

Lakini kina mama, msiisubiri kamera. Uvimbe wa kinena cha mtoto ukikaza, ukagoma kurudi ndani, naye analia na kutapika, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Ule mkato wa zamani bado unaponya.