Subira Si Kunyamaza na Maumivu



Huku kwetu Biharamulo na Ngara, mtu mzima akianguka migombani akavunjika nyonga, pengine safari yake ni ya mbali, mpaka Hospitali ya Bugando, Mwanza, ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025. Dada yangu mkubwa alikwenda safari hiyo, akapasuliwa, akarudi salama, lakini maumivu yakamnyima usingizi.

Jamaa wakakutana kushauriana. Mmoja alikwisha kusikia habari za sindano itengenezwayo kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, akataka tuuze ng'ombe. Wengine wakanigeukia mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa chuo, wakaniuliza kama yafaa damu iliyotoka mwilini kurudishwa humo.

Nikawajibu kwamba liko swali litangulialo hilo: je, sindano hiyo yaondoa maumivu? Nikamwendea tabibu, akanieleza. Damu huvutwa mkononi, ikazungushwa kwa kasi katika mashine mpaka sehemu zake zikatengana. Kisha ile yenye wingi wa chembe sahani, ambazo hugandisha damu na kuanzisha uponyaji wa jeraha, hudungwa mahali palipoumia. Wataalamu wameijaribu kwa waliopasuliwa nyonga, na mpaka leo haijathibitika kuwa huwapunguzia maumivu kuliko matibabu ya kawaida. Basi ng'ombe akabaki zizini.

Lililomfaa dada lilikuwa jepesi: kumeza dawa alizoandikiwa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yapande, kutembea kidogo kidogo kwa magongo, na kuswali juu ya kiti, maana alikatazwa kukunja nyonga mno na kupishanisha miguu. Hapo kwanza alizikataa dawa, akisema kuvumilia ndiko kusubiri. Nikamwambia, "Dada, dini iliyokuruhusu kuswali umekaa haikukuamuru kuteseka." Kwani maumivu yakimfunga mgonjwa kitandani, damu huweza kuganda miguuni, na viungo hudhoofika.

Nanyi vijana, mlio na wazee wa namna hii nyumbani, wakumbusheni dawa, washikeni mkono watembee. Mkiona jeraha latoa usaha, au homa, au mguu umevimba, au maumivu makali yamezuka ghafula, au pumzi zinambana, msingoje kuche: mrudisheni hospitali. Subira ya mgonjwa hukamilishwa na bidii ya jamaa zake.