Papa Alexander VI: ukweli na masingizio

Sisi tunaofundisha historia katika shule za misioni tunalijua swali moja ambalo halikosi kuulizwa. Wanafunzi wakubwa, wakifika kwenye habari za karne ya 15, huuliza kama ni kweli kwamba Papa mmoja alikuwa na watoto. Huuliza kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye aibu ya ukoo wake mbele ya wageni. Nasi tumesikia majibu ya namna mbili. Wako wanaokana yote, wakisema ni uzushi wa adui za Kanisa. Wako pia wanaosadiki yote, hata yale yaliyotungwa ili kuwafurahisha watu katika michezo ya kuigiza. Majibu hayo yote mawili hayatupendezi.

Rodrigo Borgia alizaliwa mwaka 1431 huko Xàtiva, karibu na Valencia, katika nchi ya Hispania. Mjomba wake alichaguliwa kuwa Papa mwaka 1455, akajiita Calixtus III. Na mwaka uliofuata alimvika mpwa wake ukardinali, kijana wa miaka 25 tu. Mwaka 1457 alimpa tena kazi ya makamu wa kansela wa Kanisa, na kazi hiyo Rodrigo aliishika miaka 35, chini ya Mapapa watano. Alikuwa hodari wa kazi, mwenye akili nyepesi na ulimi mtamu. Hayo hata wale waliomchukia hawakuyakana. Lakini mapema sana mwenendo wake ulianza kusemwa. Mwaka 1460 Papa Pius II alimwandikia barua ya kumkemea kwa ajili ya karamu moja katika mji wa Siena, ambayo haikumfaa mtu wa cheo chake.

Je, watoto? Ndiyo, alikuwa nao. Wanne aliwazaa na mwanamke aitwaye Vannozza Cattanei: Cesare, Juan, Lucrezia na Jofré. Padri mmoja mzaliwa wa Ubelgiji, Peter De Roo, alitoa mwaka 1924 vitabu vitano vinene ili kumtetea, akidai kwamba watoto hao walikuwa wa jamaa yake. Tunaheshimu jasho lake. Walakini Papa Leo XIII alikuwa amewafungulia wataalamu nyaraka za Vatikano mwaka 1881, na Ludwig von Pastor, Mkatoliki thabiti, alizisoma kwa miaka mingi. Alichokuta humo kilimfanya aseme waziwazi kwamba mtu huyu hawezi kusafishwa. Na Papa Leo mwenyewe alikuwa amewaagiza wanahistoria wasithubutu kusema uongo, wala wasiogope kusema kweli.

Basi hilo si masingizio. Lakini yako mengine yaliyo masingizio kweli. Yasemwa kwamba siku alipochaguliwa, mwezi wa Agosti 1492, nyumbu wanne waliobeba fedha walikwenda nyumbani kwa Kardinali Ascanio Sforza. Habari hii ya nyumbu yatoka kwa Infessura, aliyependa sana kuandika uvumi wa mjini. Kwamba Sforza alipokea baadaye kazi ile ya makamu wa kansela, hilo ni hakika, nalo latosha kwa huzuni yetu bila ya nyumbu. Yasemwa tena kwamba Lucrezia aliwalisha watu sumu. Mama huyu alikufa mwaka 1519, mke wa mtawala wa Ferrara, akiheshimiwa na watu wa mji wake. Victor Hugo ndiye aliyemweka jukwaani mwaka 1833 na kikombe cha sumu mkononi, na tangu hapo wengi hawamjui Lucrezia mwingine.

Na kifo cha Papa mwenyewe? Alikufa tarehe 18 Agosti 1503, baada ya kuugua siku chache tu. Mwanawe Cesare naye alilala na homa siku zile zile, na maiti ikavimba upesi kwa joto. Watu wakasema: sumu! Sisi tunaoishi na mbu na tunaojua homa ya malaria inavyoweza kuangusha nyumba nzima kwa juma moja, hatuna haja ya kutafuta sumu. Roma ya wakati ule ilizungukwa na mabwawa, na mwezi wa Agosti ulikuwa mwezi wa kuzika. Aidha, ni nani walioeneza maneno hayo? Mwaka ule ule alichaguliwa Julius II, adui yake wa siku nyingi, na aliyetaka kupendwa na bwana mpya alijua la kusema juu ya bwana wa zamani.

Lakini hapa twapenda kukaa kidogo. Mwezi wa Juni 1497 Juan, mwana aliyependwa kuliko wote, aliuawa usiku, na maiti yake ikaopolewa katika mto Tiber. Mwuaji hakujulikana kamwe. Baba yule alijifungia ndani, akalia, akakataa chakula. Siku chache baadaye alisimama mbele ya makardinali, akasema kwamba Mungu amempiga kwa ajili ya dhambi zake, akachagua makardinali sita watengeneze sheria za kuliongoa Kanisa, kuanzia nyumba ya Papa na ya makardinali wenyewe. Sheria ziliandikwa, na zilikuwa nzuri. Hazikutangazwa. Machozi yalikauka, vita na arusi za watoto zikarudi, na karatasi zikabaki sandukuni. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1517, Luther alianza kelele zake Ujerumani. Kwetu sisi, hizo karatasi zatuuma kuliko habari zote za Vannozza.

Kuna tena karatasi nyingine, na hii iliondoka Roma. Mwezi wa Mei 1493 Papa Alexander aliwapa wafalme wa Hispania nchi zilizopatikana ng'ambo ya bahari upande wa magharibi. Na mwaka 1494, huko Tordesillas, Hispania na Ureno zilikubaliana mpaka. Ureno ilibaki na upande wetu wa Afrika, ambao Mapapa waliotangulia walikwisha iruhusu. Ufalme wa Kongo, ambao mfalme wake Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491, uliwapata mapadri wake kwa njia ya Lisbon, na merikebu zilizoleta mapadri zilirudi na watumwa. Mfalme Afonso I alimlalamikia mfalme wa Ureno kwa barua mwaka 1526. Tarehe 30 Machi 2023 ofisi mbili za Vatikano zilitamka kwamba ile «kanuni ya uvumbuzi» si mafundisho ya Kanisa Katoliki, na kwamba hati za namna hii hazikuonyesha ipasavyo hadhi na haki sawa za wenyeji. Watu hunong'ona juu ya chumba cha kulala cha Borgia. Hati ya mwaka 1493 huisoma wachache.

Wanafunzi huuliza tena: basi aliwezaje kuwa Papa wa kweli? Jibu lilikwisha tolewa na Mwafrika, Mtakatifu Augustino wa Hippo, aliposhindana na Wadonati: abatizaye ni Kristo, hata kama mkono wa mhudumu ni mchafu. Alexander hakugeuza fundisho lolote la imani. Ibada ya kufungua Mlango Mtakatifu, tuliyoiona katika picha za Jubilei ya 2025, ilipangwa chini yake kwa Jubilei ya mwaka 1500. Na mjukuu wa mwanawe Juan aliacha utawala wake wa Gandía, akaingia shirika la Wayesuiti, akawa mkuu wao wa tatu: ndiye Mtakatifu Fransisko Borgia.

Mifupa ya Alexander haimo katika kanisa la Mtakatifu Petro. Imo katika kanisa la Wahispania huko Roma, Santa Maria in Monserrato, katika kaburi moja na mjomba wake.