Kupiga Picha Katika Mafunjo

Ndege aitwaye gonoleki wa mafunjo huishi katika mafunjo tu. Kifua chake ni chekundu, utosi wa manjano, na mgongo mweusi. Tena dume na jike huimba kwa kupokezana. Hapa Dunga, karibu na Kisumu, husikika asubuhi, lakini kumwona ni bahati.

Atakaye picha na afike mapema, upepo ukiwa umetulia, maana funjo likitikisika picha huharibika. Akae kimya mtumbwini, asilenge ndege bali mwanya atakaopitia, kisha angoje. Mimi, kwa ruhusa ya mwalimu wa bweni, nilingoja Jumamosi tatu, nikapata picha moja.

Wako wasemao mafunjo yasikatwe kabisa. Mama yangu husuka mikeka ya mafunjo, na karo yangu hutoka humo. Lakini yeye hukata sehemu, huacha sehemu, na mizizi huchipua tena. Yanayommaliza ndege huyu ni moto, na mashamba yalimwayo hadi majini. Basi picha ile nimempa mama. Ameitundika penye mikeka yake sokoni, ili wanunuzi waulize.