Kijana Aliyelala Peke Yake

Walimu wenzetu wengi wamekwisha kuona kifafa darasani, wala hofu yake haihitaji kuelezwa. Mtoto yu katika kuandika. Mara hutoa ukelele usio sauti yake, macho hupanda juu, mwili hukakamaa kama gogo, naye huanguka. Kisha viungo vyote hutikisika kwa muda wa dakika moja au mbili, povu hutoka kinywani, pengine lina damu ya ulimi uliojeruhiwa kwa meno, na nguo hulowa. Baadaye hulala usingizi mzito, na akiamka hajui lililompata. Ndivyo tulivyoona mara ya kwanza tulipokuwa tukifundisha Mgori, katika nchi ya Singida, na darasa zima likakimbilia nje, maana nyumbani wameambiwa kwamba povu lile huambukiza.

Haliambukizi hata kidogo. Ugonjwa huu u katika ubongo, si katika mate. Tuliwafundisha watoto kumgeuza mwenzao ubavu, kumwondolea mawe na madawati, wasimtie kijiko wala kitu cho chote kinywani, kisha wangoje. Wakazoea. (Wala si kila kifafa huangusha. Alikuwako msichana mmoja aliyezoea kuzubaa kitambo kidogo, kope zikipepesa, kisha huendelea kusoma. Tulimwadhibu mara nyingi kwa uvivu kabla ya kujua kwamba huo nao ni kifafa. Kosa lile ni letu.)

Yule kijana tulimlinda kwa bidii. Tulimkataza kwenda kisimani peke yake, na kukaa karibu na meko, na hasa kufuatana na warina asali katika msitu wa Mgori, kupanda miti usiku na moto mkononi. Tukamwambia mama yake, “Mama, ugonjwa wenyewe hauui, kinachoua ni moto na maji.” Tulisema kwa uhakika wa mwalimu, yaani uhakika wa mtu asiyezoea kuulizwa mara ya pili.

Mjini Singida alipewa fenobabito, dawa ya zamani ambayo daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, aliitangaza kuwa yazuia kifafa mwaka wa 1912, na hata leo yatumika. Akawa akimeza kila jioni, miezi ikapita asianguke. Hata alipokuwa mkubwa akajengewa kijumba chake, kwa sababu ndugu zake hawakukubali kulala naye, kwa habari ya lile povu. Sisi tulikiona kijumba kile, tukasema ni heshima kwake.

Vidonge vikaisha mwezi wa Januari, wakati wa mvua. Watu wote walikuwa shambani katika mtama na alizeti, na tena kijana alionekana mzima, basi safari ya mjini ikaahirishwa. Juma la pili, asubuhi, walimkuta amelala kifudifudi, ulimi umeumwa, mwili umekwisha kuwa baridi. Hapakuwa na moto wala maji. Matangani wengine walinong'ona habari za uchawi, lakini mama yake alitutazama sisi, akasema, “Mwalimu, mlituambia hauui.”

Hatukuwa na jibu siku ile. Baadaye tulijifunza kwamba madaktari wanakijua sana kifo hiki cha ghafula. Mara nyingi huja usiku, baada ya mshtuko mkubwa wa mwili mzima: pumzi hukoma, moyo hufuata, na yote huwa katika dakika chache tu. Ni nadra, kadiri ya mtu mzima mmoja kwa mwaka katika kila 1,000 wenye kifafa. Lakini hatari huongezeka sana kwa aangukaye mara kwa mara, aachaye dawa, na alalaye mahali ambapo hapana mtu wa kumsikia. Na wengi hukutwa wamelala kifudifudi.

Wala habari hizi hazikutoka ng'ambo tu. Huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka wa 1960. Wagonjwa wake 164 walipoulizwa habari zao baada ya miaka 30, 110 walikuwa wamekwisha kufa, na wengi wao waliuawa na kifafa: wengine majini, wengine motoni, wengine kwa mishtuko isiyokoma, na wengine katika kuanguka kwenyewe au mara baada yake. Hayo yalichapishwa mwaka wa 1992, nasi tulikuwa tukiwatuliza akina mama kwa maneno tuliyojitungia.

Sasa yuko mtoto mwingine, wa darasa la nne, ambaye huanguka usiku. Tulikwenda kwa bibi yake tukamwambia yote, pasipo kupunguza neno. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, “Nikimsikia, nifanye nini?” Tukamjibu, “Bibi, ukiona ametulia, mgeuze ubavu, mwite kwa jina lake, ukae naye mpaka apumue vema na kuamka.” Akainuka, akauvuta mkeka wake mpaka ukagusana na wa mtoto. Vidonge huvihesabu yeye mwenyewe kila Jumapili baada ya ibada, navyo vikibaki kumi, hutuma mtu Singida, ijapokuwa mvua inanyesha.