Mganga hajigangi: Nesi akirudi nyumbani, nani anamuuliza ameshindaje?

Wahenga walisema mganga hajigangi. Wengi huitumia methali hii kwa utani, daktari anapokohoa mbele ya mgonjwa wake. Lakini kwa familia yenye mama muuguzi au baba mshauri nasaha, kule Mbagala, Chamazi, Bunju au Tegeta, utani haupo. Ndiyo maisha ya kila jioni.

Chukua mfano wa mshauri wa kliniki ya methadoni. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Dawa hiyo hunywewa mbele ya mhudumu, na tangu mwanzo waraibu walitakiwa kufika kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo. Maana yake lazima na mhudumu awepo. Anamsikiliza mama ambaye mwanawe ameuza hadi masufuria ya nyumbani. Anamsikiliza kijana aliyeacha miezi sita, akarudia juzi. Kisha anamfundisha mtu kuvuta pumzi taratibu anapopandwa na hasira, kulala mapema, kuwaomba radhi wanawe.

Mbinu zote hizo anazo kichwani. Jioni anapanda daladala, anasimama njia nzima hadi Rangi Tatu. Mtoto anamwamkia "Mama, shikamoo", naye anaitikia marahaba bila kumtazama. Chai ikimwagika kidogo tu mezani, nyumba nzima inajua mama amerudi.

Huo si ukatili, wala si roho mbaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu wa kazi uliopitiliza kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona huna tena unachokiweza. Dalili ya pili ndiyo ya kuogopwa zaidi na wazazi, kwa sababu mtu aliyezoea kuufunga moyo kazini ili asiumie hasahau kuufunga anapofika kwake pia. Mtoto wa miaka saba hajui habari za zamu. Anachojua ni kwamba mama anaongea vizuri na watu wengine kwenye simu.

Tena zamu haiishii hospitalini. Mtaani nesi ni wa wote. Saa saba usiku geti linagongwa: "Nesi, samahani dada, mtoto anachemka." Jirani mwingine anataka aangaliziwe presha, mwingine ana cheti cha maabara hakielewi. Mume anageukia ukutani. Kukataa haiwezekani, maana kesho watu watasema nesi anaringa. Hakuna anayemlipa kwa saa hizo, na wengi hawajui kama ni kazi.

Meditesheni inayotajwa sana siku hizi ilianza kuingizwa hospitalini kwa utaratibu rasmi mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, programu ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Ukiisikia hivyo utadhani ni mambo ya wenye nafasi na mikeka maalumu. Lakini bibi anayevuta tasbihi baada ya swala, au mama anayeshika rozari alfajiri kabla nyumba haijaamka, hawahitaji kufundishwa maana ya kukaa kimya na kurudisha mawazo mahali pamoja. Asiye na desturi hiyo anaweza kuanza na pumzi: kuvuta kwa hesabu ya nne, kutoa kwa hesabu ya sita, dakika tano tu. Unapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kasi, na ukiirefusha pumzi hiyo mwili unatulia. Inawezekana hata ndani ya daladala, macho wazi, mkoba umeshikwa vizuri.

Hata hivyo tusidanganyane. Pumzi haziongezi wauguzi wodini, na mkuu wa kituo anayewaambia watumishi wake wafanye meditesheni huku akiwapanga zamu mbili mfululizo anawadhihaki. Oktoba 2017 Chama cha Madaktari Duniani, kikikutana Chicago, kiliongeza kwenye kiapo cha daktari ahadi ya kuitunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Kiapo hicho ni cha tangu 1948. Miaka karibu 70 ilipita kabla ya daktari mwenyewe kukumbukwa! Na ambaye usingizi umemkataa kwa wiki kadhaa, au anayejiwa na mawazo ya kutotaka kuishi, asijitibu kwa pumzi. Aende akaonwe na mwenzake wa afya ya akili, kama ambavyo angemwelekeza mgonjwa.

Nyumbani kinachosaidia mara nyingi ni kitu kidogo kilichokubaliwa na wote. Mama akifika, dakika kumi na tano ni zake: anavua sare, anaoga, anakaa uani peke yake. Watoto wanaambiwa mapema, kwa lugha yao, kwamba mama hajakasirika, anapumzika kidogo kisha atakuja kuangalia madaftari. Na geti likigongwa usiku, baba ndiye anayetoka kwanza. Mtoto akiwa na degedege au mjamzito akiwa anavuja damu, anamwamsha mkewe huku akiita bajaji. Ikiwa ni cheti cha maabara, anajibu kwa upole: "Nesi amelala, jirani. Njoo kesho mchana."